Unataka kupanga siku ya uzazi wa mpango kijijini kwenu? Anzia hapa

Wiki hii tu nimepigiwa simu na wenzangu watatu wapya, mmoja yuko Kilolo, mwingine Wanging'ombe na mwingine kule Rungwe, wote wanauliza kitu kilekile: "dada, nimepewa kazi ya kuhamasisha uzazi wa mpango, nimeitisha mkutano watu hawajaja, nifanyeje?" Nimeona niandike mara moja ili kila anayeuliza nimpe asome. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyewe tunaitana WAJA, nipo Mufindi mkoani Iringa, huku kwenye chai na mbao, kazi hii naifanya mwaka wa saba sasa. Haya yote nimeyafanya mwenyewe na mengine niliyakosea kwanza ndo nikayajua.

Jambo moja nalisema mapema. Mkutano ambao watu wanakuja, wanasikiliza, wanasaini mahudhurio na kuondoka, huo ni tangazo tu. Kushirikisha jamii ni pale kijiji kinapochagua siku, kinapochagua mahali, kinaposema chenyewe tatizo liko wapi, na kikisema basi kitu kinabadilika kweli, hata kama cha kubadilika ni zahanati. Ukilishika hilo, hatua zote chini zitakuelea.

Na huku kwetu hili sio geni. Wazee wa Iringa wanaukumbuka mradi wa lishe wa miaka ya 1980, ule wa UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ulioanza 1983 wakati Njombe bado iko ndani ya Mkoa wa Iringa, ukaingia vijiji 168. Mizani inaning'inizwa, watoto wanapimwa uzito, afu kijiji chenyewe kinakaa kuangalia nani kapungua, kwa nini, na wafanye nini kwa uwezo walio nao. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tunayofanya leo kila robo mwaka, ile SALIKI, inapita njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukikutana na mzee wa miaka 70 usimwambie umemletea kitu kipya, muulize wao walifanyaje, utapata mengi.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Barua ya utambulisho kutoka zahanati au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.
- Mtoa huduma aliyekubali kuja, umjue kwa jina na namba yake ya simu, sio "watatuma mtu".
- Kisanduku cha kufundishia chenye njia zenyewe: vidonge, kondomu, kichupa cha sindano, vijiti (vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono), kitanzi (cha kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi), shanga za mzunguko (za kuhesabia siku). Mtu akishika kijiti akaona kinavyopinda kama njiti laini, nusu ya hofu inaondoka.
- Daftari mbili. Moja ya vikao, hiyo hata mtendaji anaweza kuisoma. Ya pili ya ufuatiliaji, hiyo inafungiwa, haiachwi mezani hata dakika mbili.
- Vikombe vitano vya plastiki, kopo moja la maharage na kanga moja. Matumizi yake utayaona hatua ya 3.
- Muda wa wiki sita. Ukipewa wiki moja omba uongezewe, bora uonekane mzito kuliko kufanya haraka ukaharibu.

Fulana na kofia sio lazima. Zawadi kwa anayekubali njia usiziguse kabisa, ukimpa mtu kilo ya sukari ili awekwe kijiti hapo hajachagua, umemnunua, na siku kijiti kikimsumbua atakumbuka hiyo sukari.

Ujue pia mpaka wako. WAJA tunatoa elimu, tunagawa kondomu, tunamwongezea vidonge mama aliyeshaanzishiwa zahanati (kama umefunzwa na umekabidhiwa), na tunatoa rufaa. Sindano, vijiti, kitanzi na kufunga kizazi ni kazi ya mtoa huduma mwenye taaluma hiyo.

Hatua ya 1: Anza na stoo ya zahanati

Kabla hujamwambia mtu yeyote kijijini, kaa na mganga mfawidhi au nesi wa afya ya uzazi na mtoto, muangalie stoo pamoja. Uliza sindano ziko ngapi, vijiti vilivyopo ni vya miaka mitatu au mitano, kitanzi kipo na nani amefunzwa kukiweka, oda inayofuata inaingia lini. Afu uliza ambalo wengi hawaulizi: vifaa vya KUTOA vijiti vipo? Na anayejua kutoa yuko kituoni siku gani?

Mwaka wangu wa pili tulileta huduma ya mkoba, timu ikaja na gari, akina mama wakawekwa vijiti, wakashukuru sana. Baada ya miezi minne dada mmoja akawa anatokwa na matone ya damu kila siku, akataka vitolewe. Alitembea mpaka kituo cha kwanza akaambiwa vifaa hamna, akaenda cha pili akaambiwa anayejua kutoa yuko semina. Akarudi navyo mkononi. Mwaka mzima kitongoji kile kilikuwa kinasema "wale wakishakuwekea hawakutoi", na siwezi kuwalaumu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku hiyo sianzi kuhamasisha njia ambayo sijahakikisha pa kuitolea.

Hatua ya 2: Ofisi ya kijiji

Muone mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, afu Kamati ya Huduma za Jamii ya kijiji, afu wenyeviti wa vitongoji mmoja mmoja. Usimruke mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu huyo ndo anajua nani anaumwa, nani kahama na njia ipi haipitiki.

Ukifika usiombe "nafasi ya kuongea kidogo", omba AGENDA kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kwa utaratibu unatakiwa kila miezi mitatu. Nafasi ya kuongea inaisha na upepo, ila agenda inaingia kwenye muhtasari, unagongwa mhuri, unabaki ofisini. Barua iwe fupi tu, mimi huandika hivi:

"Naomba agenda ya afya ya uzazi katika mkutano mkuu ujao. Wananchi wajadili: (1) nini kinawazuia kupata huduma ya uzazi wa mpango, (2) siku na mahali pa huduma, (3) wawakilishi watatu wa kusimamia maandalizi, wakiwemo wanawake."

Wakati huohuo watafute wajumbe wa kamati ya usimamizi ya zahanati. Hii kamati watu wanaisahau wakati ina wawakilishi wa wananchi ndani na ina sauti kwenye matumizi ya fedha zinazoingia moja kwa moja akaunti ya zahanati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na mipango inaandaliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo kama kijiji kinataka mafuta ya pikipiki ya huduma ya mkoba yawe kwenye bajeti, lisemwe mapema. Ukilipeleka Mei umechelewa.

Hatua ya 3: Sikiliza kabla hujafundisha

Hapa ndo moyo wa kazi yote na hapa ndo wengi wanaparuka. Kaa na makundi madogo ya watu 8 mpaka 12, kila kundi peke yake: wanawake wenye watoto wadogo, mama wakwe na bibi, wanaume, wasichana, wavulana. Usichanganye mkwe na mkwewe, hakuna atakayefungua mdomo.

Fanya hivi:

a) Weka vikombe vitano nyuma ya kanga iliyotundikwa, au ndani ya chumba. Kila kikombe kina mchoro: mume, madhara wanayosikia mtaani, umbali na nauli, dini, na cha mwisho zahanati yenyewe. Mchoro, sio maandishi, usimwaibishe asiyesoma.

b) Mpe kila mtu punje tatu za maharage.

c) Anaingia mmoja mmoja, anaweka punje zake kwenye kinachomzuia yeye au wenzake. Anaweza kuzigawa, anaweza kuzitia zote tatu sehemu moja.

d) Wakimaliza, mimina mbele yao na wahesabu WENYEWE. Usihesabu wewe.

e) Uliza swali moja tu: "mbona hiki kimejaa?" Afu nyamaza. Kimya kitakuuma, vumilia.

Nikwambie kilichotokea kwangu. Kitongoji kimoja nilikuwa nimeshajiandaa kabisa, kichwani najua kikwazo ni waume, nimebeba na picha za kufundishia wanaume. Akina mama 11 tumekaa kwenye kibaraza cha ofisi, kuna ukungu, wamejifunika mablanketi. Wakaingia nyuma ya kanga mmoja mmoja. Bibi mmoja mtu mzima alikuwa na ngumi imefungwa muda wote, alivyotoka ngumi iko wazi, punje zote kaziacha sehemu moja. Kumimina, kikombe cha mume kina punje sita, cha dini mbili, cha zahanati kimejaa. Nikauliza mbona hiki kimejaa. Kimya. Afu yule bibi akasema, "Kule mnatuita mbele za watu."

Kumbe mama akienda kuchoma sindano alikuwa anakaa benchi moja na wagonjwa wote, jirani wamo, wifi wamo, afu nesi anatokeza dirishani anaita "wa sindano ya uzazi, njoo". Basi. Jioni mama mkwe keshajua. Mimi niliingia pale zahanati kila wiki na sikuwahi kuliona hilo kwa sababu mimi sikai lile benchi.

Na dawa yake waliitoa haohao. Wakasema huduma ihamishiwe siku za kliniki ya watoto, mwanamke akiwa na mtoto mgongoni na kadi mkononi nani atajua kafuata nini, na aitwe kwa namba. Kamati ikalipeleka zahanati, likakubaliwa, halikugharimu hata shilingi. Mimi na picha zangu za wanaume nisingelifikia hilo maishani.

ONYO: kwenye kundi usimuulize mtu "wewe unatumia njia gani?" Hata kama anacheka, hata kama ni shoga yako. Swali ni "watu wa hapa wanasemaje", siku zote.

Hatua ya 4: Siku na mahali wachague wao

Huduma ya kwanza niliyopanga mwenyewe niliiweka Januari. Palizi ya mahindi imepamba moto, mvua, njia ya kwenda shuleni tope mpaka kwenye magoti, wakaja watu wanne. Mtoa huduma alikaa na boksi lake mpaka saa tisa.

Siku hizi nachora kalenda chini kwa kijiti, miezi 12, wao wanaweka majani kwenye miezi ya kazi nyingi. Kwa huku milimani Juni mpaka Oktoba barabara zinapitika, ila Juni na Julai baridi la Mufindi na Makete mnalijua, mama hatatoa kichanga saa moja asubuhi, anza saa nne. Walioko kwenye mpunga, Kyela au Mbarali, kalenda yenu nyingine kabisa, wala msifuate yangu. Siku ya gulio ni nzuri kwa kutangaza, mbaya kwa kutoa huduma. Na panga tarehe ya akiba, kijiji kikifiwa hakuna mtu atakuja na wala hutakiwi kutegemea waje.

Mahali: pawe na chumba chenye mlango unaofungwa, maji, na choo. Darasa linafaa siku ambayo shule haipo.

Hatua ya 5: Wanaume, mama wakwe na viongozi wa dini

Wanaume wafuate waliko. Kijiwe cha bodaboda, kwenye kupakia mbao, kwenye kikao cha ushirika, hata kilabuni ila uwahi kabla ulanzi haujakolea. Na usianze na vidonge, anza na mtoto. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionesha Iringa watoto chini ya miaka mitano karibu 57 kati ya 100 wamedumaa na Njombe kama 50, sisi tunaolisha nchi kwa mahindi na viazi. Sababu za udumavu ziko nyingi, ila mtoto kuachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine ni moja ambayo baba anaielewa mara moja. Ushauri wa WHO ni kwamba baada ya kujifungua mama apumzike angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Mwanaume anayepumzisha shamba hilo halimshindi.

Halafu muache mwanaume aongee na mwanaume. Kijijini kwangu anayefanya kazi kubwa sio mimi, ni baba mmoja fundi baiskeli ambaye mke wake alipoteza damu nyingi uzazi wa tano. Anasimulia tu, hafundishi.

Viongozi wa dini waone mapema, nyumbani kwao, sio siku ya tangazo. Mchungaji wa KKKT au wa Moravian atakuuliza vingine, katekista vingine, sheikh vingine. Kwa Wakatoliki usiende kubishana mafundisho ya Kanisa, mweleze kwamba njia za asili zipo na zitafundishwa siku hiyohiyo: kunyonyesha, shanga, kuhesabu siku. Katekista mmoja aliposikia hivyo alitangaza mwenyewe.

Mama wakwe waheshimu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na we inama kweli, piga goti, sema kamwene, salamu yetu ya huku, mpe muda wake. Wengi wamezaa kwa taabu na wana mengi ya kusema wakiulizwa.

Hatua ya 6: Tangazo

Liite siku ya afya ya familia na liwe na huduma nyingine kweli, uzito wa watoto, presha, kupima VVU kwa hiari, ili atakayekuja asijulikane kafuata nini. Lakini uzazi wa mpango utajwe waziwazi, usimfiche mtu. Mfano:

"Jumamosi ijayo kuanzia saa nne, shule ya msingi. Watoto kupimwa uzito, presha, kupima VVU, ushauri na huduma za uzazi wa mpango. Wanawake, wanaume na vijana wote. Ni hiari na ni bure. Ukitaka maelezo tu bila huduma, karibu vilevile."

Lisomwe kanisani, msikitini, kwenye vikundi vya hisa, kijiwe cha bodaboda. Vikundi vya hisa ndo vinasambaza kuliko vyote, kule akina mama wanaaminiana mpaka pesa.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

1. Fika masaa mawili kabla ya kuanza. Fagia, weka maji, angalia mlango unafunga.
2. Mapokezi yakae nje, namba kwa kila mtu, hakuna kuita jina wala huduma.
3. Uzito wa watoto na presha vianze mara moja, watu wasikae bure.
4. Elimu ya pamoja isizidi nusu saa. Mpango wa leo sio hotuba.
5. Ushauri mmoja mmoja, mlango umefungwa. Mume akiingia iwe kwa hiari ya mke. Ruhusa ya mume sio sharti la mwanamke kupata huduma.
6. Wawakilishi watatu wa kijiji wakae nje wakisimamia foleni, chumbani wasiingie.

Maswali ya njia zenyewe yatakuja tu, kwa hiyo haya uyajue bila kusoma:

- Vidonge: kila siku, saa ileile.
- Sindano: kila miezi mitatu. Hedhi inaweza kuvurugika au kukata, hiyo damu haijajikusanya tumboni.
- Vijiti: Implanon kimoja miaka mitatu, Jadelle viwili miaka mitano. Matone ya damu ni kawaida, mtu aambiwe KABLA.
- Kitanzi cha kopa (shaba): miaka 10 na zaidi. Miezi ya mwanzo hedhi inaweza kuwa nzito.
- Kunyonyesha: kunakinga kama masharti yote matatu yapo, mtoto hajafika miezi sita, anapewa ziwa tu mchana na usiku, hedhi haijarudi. Moja likivunjika, tafuta njia nyingine.
- Shanga: kwa mwenye mzunguko wa siku 26 mpaka 32, siku ya 8 mpaka ya 19 ni za hatari ya kushika mimba.
- Kufunga kizazi, mwanamke au mwanaume: ni moja kwa moja, asifanye mtu mwenye shaka. Mwanaume akifunga, atumie kondomu miezi mitatu ya kwanza.
- Vidonge vya dharura: ndani ya siku tano, na kila akiwahi ndo bora.

Kondomu usiipite haraka. Utafiti wa VVU wa 2022-2023 uliweka Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, na hamna njia nyingine kwenye ile orodha inayozuia mimba na VVU pamoja. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu amwambie mtoa huduma kabla ya kuchagua, kuna dawa zinapunguza nguvu ya vijiti na vidonge.

Hatua ya 8: Kurudi

Siku ya huduma ikiisha kazi ndo imefika nusu. Aliyewekewa kitu umuone ndani ya wiki mbili, aliyechoma sindano akumbushwe wiki moja kabla ya miezi mitatu. Kabla hajaondoka muulize: "nikufuate vipi?" Wapo wanaosema njoo nyumbani, wapo wanaosema usipige simu kabisa. Mama mmoja tulikubaliana nikikutana naye kisimani niseme "mbegu zako zimefika", akisikia hivyo anajua ni wiki ya sindano. Daftari langu limeandikwa mbegu, hamna hata neno sindano.

Mwenye maumivu makali ya tumbo, damu nyingi kupita kawaida, kichwa kikali na macho kuona giza, maumivu ya kifua au mguu kuvimba upande mmoja, huyo hasubiri ratiba yako, anakwenda kituoni leo.

Hatua ya 9: Peleka majibu kwenye mkutano mkuu

Robo inayofuata rudi na agenda. Sema idadi tu, majina hapana. Soma nini kijiji kilisema kwenye vikombe, nini kimefanyika, nini bado na nani anakishikilia. Watu wakiona walichosema Machi kimetendeka Juni, mwaka unaofuata hutawaita, watakuuliza wenyewe lini tena.

Mambo yakigoma

*Watu hawajaja.* Usikasirike mbele yao. Pita nyumba kumi jioni ileile, uliza kilichotokea. Mara nyingi ni siku, au wamesikia kitu. Usiongeze spika, rudia hatua ya 3.

*"Sindano inaharibu kizazi."* Usimwambie ni uongo ukaondoka. Baada ya kuacha sindano uzazi unachelewa kurudi, kwa wastani kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na mtu asipoambiwa mapema akikaa miezi minane bila mimba lazima aamini kaharibiwa. Mwambie ukweli huo, na anayetaka mtoto karibuni ashauriwe njia nyingine.

*Mume amekuja anafoka.* Mtoe pembeni, mpe kiti, msikilize mpaka amalize. Usimthibitishie kama mke wake yupo kwenye daftari au hayupo, hata akisema kaambiwa. Mkaribishe kwenye kikao cha wanaume. Ukiona mke yuko hatarini, mtendaji na dawati la jinsia polisi wahusishwe, usiende kuamua peke yako.

*Msichana mdogo kaja.* Ahudumiwe kwa heshima, sera ya nchi inampa haki ya elimu na huduma bila kujali umri wala ndoa. Kwa utafiti ule wa afya wa taifa wa 2022, wasichana 22 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 19 walishawahi kupata mimba, kwa hiyo ukimfukuza hujamzuia kitu. Ukihisi amefanyiwa ukatili, hilo ni jambo la kuripoti. Na aliyejifungua mkumbushe kwamba tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule, wengi huku bado hawajui.

*Wanadai posho.* Sema kiwango mapema, kama hamna sema hamna. Chai na viazi vya kuchemsha kijiji kinaweza kuchangia, mnaweka kwenye muhtasari. Kibaya ni kuahidi afu kukwepa.

*Mwanasiasa anataka aje ahutubie.* Mkaribishe kama mwananchi, apime presha. Bendera na nyimbo za chama zisiingie, watu wakiona siasa nusu yao wanageuza.

*Dawa zimeisha katikati.* Waambie walio kwenye foleni palepale, wape kondomu za kushikiza, andika tarehe ya kurudi. Usimlazimishe aliyefuata sindano achukue kijiti kwa sababu ndo kimebaki.

*Mtoa huduma ana lugha mbaya.* Mara ya kwanza ongea naye mwenyewe, pengine kachoka, yuko peke yake na wagonjwa hamsini. Ikiendelea, kamati ya usimamizi. Isiposaidia, andikeni kama kijiji kwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya, muambatanishe ule muhtasari wenye mhuri. Mimi nililalamika kwa mdomo karibu mwaka mzima kuhusu kituo fulani bila jibu, tulipopeleka muhtasari wa mkutano mkuu, siku ya tisa tukapata ugeni kutoka wilayani, na wakaomba kwanza wakae na akina mama.